Stebilaiza ni ya Mkono Wako, si ya Mikono Yao

Tangu nilipokabidhi funguo za studio, vijana wa kamera wa hapa Sumbawanga wananifuata nyumbani na swali moja. Hawaniulizi niliwezaje kutoka kijiji cha nyuma ya Laela, nikafika Dar es Salaam, nikajisomesha mwenyewe na kurudi na stashahada ya upigaji picha wakati wenzangu walirudi na redio. Hilo ningelijibu vizuri sana. Wao wanauliza: "Shikamoo Madam. Nataka kununua kamera yangu ya kwanza ya DSLR. Nichukue lenzi yenye stebilaiza au isiyo nayo?"

Nimelijibu mara nyingi hadi mume wangu akajua jibu. Siku moja nikiwa sokoni alimjibu kijana mmoja kwa niaba yangu, akamshauri anunue jenereta. Ndiyo maana naandika.

Nianze na mtu aliyenifundisha. Dar es Salaam nilipokelewa kazini na Fundi Rajabu, mzee mfupi mwenye studio finyu Kariakoo. Siku ya kwanza alinipa kamera isiyo na filamu. Akachukua kizibo cha soda, akakiweka juu ya kamera, akasema, "Bonyeza. Kikianguka, picha imetikisika."

Nilibonyeza. Kizibo kikaangukia kwenye chai yake.

"Tena," alisema. Akakitoa kwa kijiko, akaendelea kunywa.

Kwa wiki nzima sikupiga picha ya mtu. Nilijifunza kubana viwiko kwenye mbavu, kuweka kiganja cha kushoto chini ya lenzi kama mtu anayepokea uji, kutoa pumzi nusu, kisha kubonyeza kidole kikiwa kama hakina habari. Kizibo kilipoacha kuanguka aliweka viwili. Stebilaiza yangu ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa mbavu zangu. Hazikuhitaji betri.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutokupiga ovyo. "Usipige kama mvua ya masika," alisema. "Mvua hainyeshi kwa kufikiri." Jioni nilikuwa nasoma chuo, na chuo kikanipa stashahada. Fundi Rajabu alinipa mkono. Ukutani nimetundika stashahada kwa sababu mkono hauingii kwenye fremu.

Niliporudi Sumbawanga nilifungua studio jirani na stendi ya mabasi. Watu walinicheka kwanza. Mwanamke mwenye kamera, tena anayetaka kuitwa Madam. Nikawaacha wacheke, maana mtu akicheka anatoa sura nzuri ya paspoti, ingawa ofisi hazikubali meno. Watumishi waliohamia kutoka Mbeya walikuja kwa picha za vitambulisho, wakulima wakaja baada ya kuuza mahindi, na mapadri waliniita kwenye kipaimara. Upepo wa Ufipa mwezi wa Juni ulinifundisha kupiga picha nikiwa nimevaa makoti mawili. Waliopigwa nao walikuwa wakitetemeka, hivyo sote tulikutana katikati.

Filamu zilipokwisha madukani, nilinunua DSLR yangu ya kwanza, ya ngazi ya chini kabisa. Nasema hivyo bila aibu. Kuna kampuni mbili za Kijapani ambazo vijana mnazibishania vijiweni kama timu za mpira. Sitawaamulia. Mimi nilichagua hivi: niliishika kamera ya kila moja, nikafumba macho, nikaona kama kidole kinapata vitufe bila kutafuta. Nikauliza ni betri ya ipi inayopatikana hapa bila kuagiza kwa mtu anayesafiri. Nikachungulia kwenye kitundu cha jicho nione kama naona kona zote nne nikiwa na miwani. Sikuuliza megapikseli. Mteja wangu mkubwa kuliko wote alitaka picha ya kutundika sebuleni, na sebule za Sumbawanga zina mwisho.

Muuzaji alinionyesha lenzi mbili za kuanzia, zinazofanana kama mapacha, ila moja ilikuwa na stebilaiza na bei yake ilikuwa juu. Nilichukua isiyo nayo. Tofauti nikaiongezea kwenye lenzi ndogo ya milimita hamsini. Haivuti wala haisogezi, ukitaka kumkaribia mtu unatumia miguu, lakini tundu lake la mwanga ni pana kama mlango wa ghala. Muuzaji alisikitika kwa niaba yangu.

"Mama, hii nyingine inatuliza picha."

"Picha naituliza mwenyewe," nilimwambia. "Nina stashahada."

Sasa niwaambie kuhusu Ezra. Bwana Ezra alitoka Mbeya kufanya biashara ya vipuri vya pikipiki, na mwisho wa wiki alipiga picha za harusi. Mtu mchangamfu, mlokole, mwenye vifaa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mjini kwetu kuwa na lenzi ya stebilaiza, na alilitangaza jambo hilo kuliko injili. Kwetu neno stebilaiza tulilijua tayari. Ni lile boksi unalochomekea jokofu ili umeme ukicheza lisiungue. Kwa hiyo kwenye kikao cha harusi mwenyekiti wa kamati alimuuliza kwa heshima, "Bwana Ezra, hiyo stebilaiza yako tunaweza kuchomeka na spika?"

Harusi hiyo ilikuwa ya Restituta, binti mkubwa wa Mzee Kalisto, kijiji kimoja upande wa Laela. Ezra ndiye aliyepewa kazi.

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Sisi Wafipa, mtoto akimsalimu mzazi anapiga magoti na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito. Mzazi naye anamwitikia kwa makofi. Binti anapoagwa nyumbani siku ya kuolewa, salamu hiyo ndiyo yenyewe. Keki ni mapambo. Anapiga makofi, baba anamjibu, basi, ameondoka na ruhusa.

Ezra hakuyajua hayo. Kwao wanasalimiana vizuri tu, ila kwa namna yao. Aliingia sebuleni kwa Mzee Kalisto, akaona chumba cha giza, akafurahi. Alizima flashi. Akaachia shata, yaani ule mlango mdogo ndani ya kamera, ufunguke taratibu ili uingize mwanga wa kutosha, kwa kuwa aliambiwa stebilaiza itashika. Na kweli ilishika. Nimeiona picha hiyo. Kalenda ya ukutani unaisoma tarehe. Kitambaa cha kochi unahesabu maua yake. Uso wa Mzee Kalisto una kila mkunjo aliopewa na Mungu. Mikono tu ndiyo haipo. Mbele ya kifua cha baba kuna moshi, na mbele ya kifua cha binti kuna moshi mwingine.

Hapo ndipo penye somo lote, vijana, na mkitaka mnaweza kuishia kusoma hapa. Stebilaiza inatuliza mkono wa anayepiga. Anayepigwa haimhusu. Ukuta utatulia kwa sababu ulikuwa umetulia tangu ulipojengwa. Anayepiga makofi, anayecheza, mtoto anayekimbia, bibi anayetetemeka kwa baridi, hao wote wanahitaji shata ya haraka, na shata ya haraka inahitaji mwanga au lenzi yenye tundu pana.

Picha ilitundikwa ukweni kwa Restituta. Watu wakaanza kuisoma. Mimba ilipochelewa, mama mkwe aliitazama picha. Mahindi yalipoliwa na wadudu, aliitazama tena. Hatimaye akalitamka: "Huyu binti hakujibiwa na baba yake. Tazameni, mzee hana mikono." Restituta alikuja kupata mtoto, kisha wa pili, lakini neno lilishakaa. Kila akigombana na wakwe anaambiwa aliondoka kwao bila ruhusa, na ushahidi uko ukutani.

Miaka ikapita, Mzee Kalisto akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, maneno yakawa mazito. Na mdogo wake Restituta, Klara, akapata mchumba.

Mama yao alikuja studio mwenyewe. Tulimwita Mama Resti, mwanamke mrefu asiyekaa mpaka aambiwe mara mbili.

"Skolastika mwanangu," alisema, "Klara anaagwa Jumamosi. Sitaki picha nyingi. Nataka moja, yenye mikono."

"Mama, mzee ataweza kuitikia?"

"Hilo halikuhusu. Wewe lete kamera."

"Nitatumia flashi, mama, sebule yenu ni ya giza."

"Flashi hapana. Ikimulika, mkono wake mzima unashtuka unashika kiti. Hauachii tena mpaka jioni." Alitazama stashahada yangu ukutani. "Hicho cheti ni cha kupigia picha bila flashi?"

"Ni stashahada, mama. Ni ya kupigia picha kwa namna yoyote."

Nilikuwa nimeshasema. Nikalala na neno hilo kifuani kama ugali wa jana.

Jumamosi nilifika mapema. Ezra alikuwapo, safari hii kama mgeni mwalikwa, amevaa suti, kamera shingoni kwa mazoea.

"Madam, lenzi yako ina stebilaiza?"

"Haina."

"Bila flashi, bila stebilaiza." Alitikisa kichwa. "Utapiga kwa maombi?"

"Maombi nimekuachia wewe. Nisaidie kufungua hili dirisha."

Dirisha lilikuwa halijafunguliwa tangu ukuta ulipopakwa rangi. Ezra alilisukuma kwa bega la suti mpaka likakubali. Nikaomba kiti cha mzee kisogezwe karibu na mwanga. Baba mdogo wa Klara akagoma: kiti cha mwenye nyumba hakihamishwi siku ya shughuli.

"Basi, baba, nihamishie dirisha," nilimwambia.

Mama Resti aliinama. Alishika mguu mmoja wa kiti, akamtazama shemeji yake mpaka naye akashika mwingine, na Mzee Kalisto akasogezwa akiwa amekaa humo humo, uso wake ukiwa kama wa mtu anayebebwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Nilifunga ile lenzi ya hamsini, nikafungua tundu mpaka mwisho. ISO, yaani ukali wa kamera wa kuhisi mwanga, nikaipandisha hadi pale ambapo muuzaji alinionya nisifike. Shata nikaiweka moja chini ya mia mbili ya sekunde. Nikamlenga mzee, mwanga ukatosha. Kisha ndugu wote wakaja kusimama mlangoni kuona, na mwanga ukaondoka.

"Jamani, mlango!" Ezra alipaza sauti. "Mnaweka kivuli kwenye mikono!" Alianza kuwasogeza mmoja mmoja, kwa upole na kwa bega lile lile alilofungulia dirisha. Sikumtuma.

Klara aliingia, akapiga magoti mbele ya baba yake, akapiga makofi. Taratibu, kama alivyofundishwa. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri. Akamaliza, akainamisha kichwa, akangoja.

Mzee Kalisto alimtazama. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Ule wa kulia ulinyanyuka kidogo ukasimama hewani. Haukuwa na mwenzake wa kukutana naye.

"Aitikie kwa kichwa," baba mdogo alinong'ona. "Mungu anaelewa."

"Kichwa si makofi," alisema Mama Resti.

Mkono ulibaki hewani. Ulianza kuchoka, ukawa unashuka. Nilikuwa nimebana viwiko, nimetoa pumzi nusu, na ile nusu iliyobaki ilikuwa inaisha. Katika kamera niliona kila kitu ambacho Ezra aliwahi kukiona: kalenda, kochi, uso. Mikono ya kupiga sikuwa nayo.

Restituta ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake na mtoto mgongoni.

"Klara, mpe kiganja."

Klara hakuelewa.

"Kiganja chako! Mpe apigie."

Klara akanyoosha kiganja chake cha kushoto, kikatazama juu. Mzee akakiona. Mkono wake ukashuka juu yake, pa. Ukanyanyuka. Pa. Ukanyanyuka kwa shida, pa, na mara hii haukuondoka. Ulikaa pale, kiganja juu ya kiganja.

Hapo ndipo nilipobonyeza. Mara moja mkono ukiwa unashuka, mara moja ukiwa umekaa. Kizibo kisingeanguka.

Mama Resti alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akajizuia. Watu wakaanza kupumua na kusogea, wengine wakadhani imekwisha. Restituta akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi Ezra, maana ndiye aliyekuwa karibu, akaja kupiga magoti mahali pa mdogo wake.

"We Resti," shangazi mmoja alicheka, "wewe si umeshaolewa, una watoto wawili!"

"Ukweni wanasema sikujibiwa," alisema Restituta. Hakumtazama shangazi. Alipiga makofi mbele ya baba yake, akanyoosha kiganja.

Mzee Kalisto alikitazama kiganja. Kisha akasema kwa Kifipa, polepole, neno moja moja kama anayepanga mawe, na mimi nawaandikia kwa Kiswahili: "Nilikujibu. Kamera ndiyo haikusikia."

Chumba kizima kilicheka. Ezra alicheka kuliko wote, akiwa na mtoto wa watu mikononi. Ndipo mzee akapiga, pa, pa, akakiacha kiganja juu ya kiganja, na mimi nikabonyeza.

Kidokezo kwa wanunuzi: kamera hizi za bei ya chini, ukipiga nazo mfululizo zinasimama kumeza picha kabla hazijakubali nyingine. Kama ningekuwa nimempiga Klara kama mvua ya masika, kamera ingekuwa inameza wakati Restituta anajibiwa. Haikuwa inameza, kwa sababu nilifundishwa vizuri na nikafundishika. Hilo la pili watu hulisahau.

Picha zile tatu zina chembechembe kama unga wa ulezi. Hiyo ni gharama ya kupandisha ISO kwenye kamera ya kuanzia, na mtu wa mashindano angezikataa. Mama Resti aliishika moja, akaisogeza mbali na macho, akahesabu mikono kwa kidole. Akahesabu tena. Akaniambia nikae, mara moja tu, nikakaa. Ya Restituta ilipelekwa ukweni. Walitoa ile ya moshi, wakatundika hii kwenye msumari ule ule. Nimesikia mama mkwe bado anaitazama mahindi yakiharibika, lakini siku hizi hasemi kitu.

Nisiwe mchoyo kwa stebilaiza. Inafaa. Ndani ya kanisa kabla ya misa, ukipiga altare na hakuna mtu anayetembea, itakuokoa. Kule Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, nimeshuhudia Ezra akipiga boti zilizofungwa gatini alfajiri, bila stendi ya kamera, zikatoka safi. Ukitumia lenzi ndefu ya kuvuta mbali, usiende bila hiyo. Lakini kwa kamera ya kwanza, ukiwa kijana mwenye mbavu, na kazi yako ikiwa ni watu, anza na lenzi ya tundu pana na kizibo cha soda.

Mimi sasa nina stebilaiza. Mwaka juzi nilianza kuona kalenda za ukutani hazisomeki kwenye picha zangu. Nikaweka kizibo juu ya kamera, kikaanguka. Nikaweka tena, kikaanguka. Nilimwendea Ezra dukani kwake, katikati ya matairi ya pikipiki, nikamwambia aniuzie ile lenzi yake ya zamani.

"Madam!" alisema, akifurahi kupita kiasi. "Si ulikuwa unasema stebilaiza ni ya jokofu?"

"Ndiyo. Sasa na mimi umeme wangu unacheza."

Aliacha kucheka. Akaifuta lenzi kwa shati lake, jambo ambalo nimemkataza mara nyingi, akanipa.

Studio nimeacha, ila kamera ninayo. Pasaka iliyopita Restituta alikuja nyumbani na binti yake wa kwanza, yule wa baada ya maneno mengi, amevaa gauni jeupe la komunyo. Ezra alikuwa amekaa kwetu anakunywa chai. Nikainua kamera nimpige mtoto mlangoni. Mtoto akapiga magoti, akaanza kunipigia makofi.

Shata ilikuwa ya haraka, mwanga ulikuwa mzuri, stebilaiza imewashwa. Nikashusha kamera, nikampa Ezra. Kujibu kunataka mikono miwili, na kamera nayo inataka miwili, na mimi sijawahi kuwa na zaidi.

Kwa hiyo picha hiyo aliipiga Ezra. Nimeitundika ukutani, chini kidogo ya stashahada. Bega langu moja limekatwa, kwa kuwa Ezra hajawahi kutazama kona zote nne. Lakini mikono ipo, ya mtoto na yangu, na hata kutetemeka kwangu hakuonekani. Shata ya haraka nilimfundisha mimi.